Amri kali peke yake haimlindi askari

Kila mara vita inapochacha mashariki mwa nchi yetu, kilio cha wakaaji ni kimoja: askari wa kigeni wapewe amri ya kupiga, wasibaki kuangalia tu. Kilio hicho kina sababu. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 2012, waasi wa M23 waliingia Goma wakati askari wa MONUSCO wakiwa humo humo mjini. Watu wa Goma hawajasahau.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilibadilisha kanuni. Mwezi wa 3 mwaka 2013, kwa azimio namba 2098, liliunda kikosi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kukiruhusu kuwashambulia waasi bila kungoja kushambuliwa kwanza. Mwezi wa 11 mwaka huo, M23 ilishindwa mbele ya FARDC na kikosi hicho. Wengi tuliamini kwamba dawa imepatikana.

Lakini askari anayeruhusiwa kushambulia, adui naye anamhesabu kuwa mpiganaji. Ulinzi wa kofia ya bluu unapungua, na kitu kingine lazima kichukue nafasi yake: habari za upelelezi, ndege, barabara zinazopitika, na mpango wa kumwokoa akizingirwa. Hivyo havikuongezeka kwa kiasi kile kile.

Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 2017, kambi ya askari wa Tanzania ilishambuliwa huko Semuliki, eneo la Beni. Mapigano yaliendelea kwa saa nyingi, usiku, na walinda amani 15 wakapoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulionyesha kasoro katika mafunzo na uongozi, upungufu wa ndege na upelelezi, na kwamba hapakuwa na mpango wa kweli wa kuwapelekea msaada au kuwatoa. Hakuna aliyewakataza kupiga risasi. Walichokosa ni msaada.

Mwezi wa 1 mwaka 2018 ilitolewa ripoti iliyoongozwa na Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili, aliyewahi kuongoza jeshi la MONUSCO. Alisema askari wanaojifungia kambini na kungoja ndio wanaouawa. Ana haki. Lakini kutoka kambini bila msaada nako kunaua. Mwezi wa 1 mwaka 2025, wanajeshi 14 wa Afrika Kusini waliuawa katika mapigano ya Sake na Goma, na nchini kwao wengi waliuliza kwa nini walitumwa bila msaada wa kutosha wa ndege.

Kuna pia ulinzi ambao hautoki New York: imani ya raia. Mwezi wa 7 mwaka 2022, hasira dhidi ya MONUSCO ililipuka, na huko Butembo askari mmoja na polisi wawili wa Umoja wa Mataifa waliuawa. Siku chache baadaye, walinda amani walifyatua risasi kwenye mpaka wa Kasindi na kuua raia. Askari ambaye wanakijiji wanamwogopa au wanamchukia, nani atamwambia kwamba waasi wamepita njia gani jana usiku?

Kwa hiyo, muda wa MONUSCO unapojadiliwa, au nchi jirani zinapotaka kutuma majeshi, wabunge na viongozi wetu wasiishie kudai amri kali. Waulize maswali matatu. Nani atatoa amri usiku kambi ikizingirwa? Msaada utafika kwa njia gani, na baada ya saa ngapi? Raia akipigwa risasi, nani atajibu, na mbele ya mahakama gani?

Yasipojibiwa kabla askari hawajapanda ndege, wao watakufa, na kambi yao ikivunjwa, kijiji cha jirani kitabaki bila mlinzi. Beni wanalijua jambo hilo.