STAA KAHAMA DAR KAENDA KUISHI MILIMANI: AMEFULIA AU AMEWAZIDI WATU AKILI?

Mwezi mzima sasa huko Insta habari ni moja tu. Yule dada wa Bongo Movie, yule anayeliaga vizuri kuliko wote (jina kapuni, ila wadau mmeshamjua), kafungasha virago vyake, kamchukua mama yake mzazi na mwanae wa miaka 4, kaondoka Dar. Hajaenda Dubai wala Sauzi. Kaenda kupanga nyumba kwenye kamji kadogo huko milimani, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Kamji kenyewe hakatatajwa hapa, na sababu utaiona mbele.

Kwenye komenti zake watu wamegawanyika timu mbili. Timu ya kwanza: "Kafulia huyo, kodi ya Dar imemshinda, asitudanganye na maua." Timu ya pili: "Amani haina bei dada, hongera, sisi wengine tunatamani tu hatuna ujasiri."

Timu zote mbili zimekosea. Na kwa sababu vijana wengi wa mjini siku hizi wanaota hiyo ndoto ya kukimbia foleni na kelele, makosa yao yafaa kuongelewa kabla mtu hajauza kochi.

KILICHOMTOA DAR

Wanaosema kafulia hawajui, au wanajifanya hawajui. Dada huyu aliingiliwa na wezi. Wakakata nondo za dirisha la jikoni saa 9 usiku, wakabeba TV, simu mbili, laptop na mkoba. Chumba cha pili mtoto kalala. Hawakumgusa, Mungu mkubwa. Ila tangu siku hiyo mtoto hakutaka tena kulala peke yake, na mama mtu kila akisikia paka juu ya bati anakaa kitandani mpaka asubuhi.

Mtu wa namna hiyo akisema anahama, usimuulize kuhusu kiki. Anatafuta usingizi.

Na Lushoto kwa kweli ukifika macho yanapumzika. Ukitoka Mbezi na basi unakwenda hadi Mombo, pale unaacha barabara kuu ya Moshi na Arusha, unapanda mlima kama kilomita 33 za kona tupu. Joto lote la tambarare linabaki chini. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana hata Wajerumani wa kikoloni waliupenda wakauita Wilhelmstal. Mwezi wa 6 na wa 7 bila sweta hutoki. Kabichi, karoti, peasi, vyote vinatoka shamba la jirani. Nyumba nzima yenye uwanja kodi yake ukimwambia mtu wa Sinza mwenye chumba na sebule anaweza kulia.

Dada akaona hapa ndipo. Akachagua nyumba yenye ukuta mrefu kuliko zote mtaani, akaongeza nyaya juu, akafunga kamera nne, akanunua mbwa wawili. Akapost: "Sasa tunalala." Laiki zikamiminika.

HALAFU IKAJA ILE USIKU

Hii alisimulia mwenyewe kwenye live, huku machozi yanamtoka, na safari hii hakuwa anaigiza.

Mwanae ana pumu. Baridi na ukungu vikamshika. Saa 8 usiku kifua kikabana, mtoto anavuta pumzi kama anayenyonya mrija ulioziba. Pampu yake ya kuvuta imekwisha, mpya iliagizwa Dar ije na basi la Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Umeme umekatika tangu jioni. Simu ina chaji asilimia 9, na nyumba ile mtandao unashika dirishani jikoni tu. Kampigia bodaboda wake wa kila siku, hapatikani. Katoka nje kupiga kelele. Ukuta mrefu, mbwa wanabweka, nani atasikia? Na hata akisikia, nani ataingia?

Aliyeokoa jahazi ni bibi wa mtoto. Huyu mama tangu wiki ya kwanza alikuwa anatoka kila asubuhi na khanga yake kwenda kusalimia watu. Binti alikuwa anamkataza, "Mama, hatuwajui hawa." Bibi hakusikia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha, akajiunga kwenye chama cha akina mama cha kuzikana, akawa na namba ya mama mmoja muuza chapati ambaye mkwewe anaendesha Noah ya abiria kushuka Mombo.

Ikapigwa simu moja. Noah ikaja. Getini wakakutana na mtihani mwingine: mbwa wako wazi, ufunguo hauonekani gizani. Mkwe wa watu kasimama nje anaita, "Mama, wafungeni mbwa kwanza, mimi siondoki hapa." Dakika zilipotea pale ambazo dada anasema hatazisahau maishani. Wakafika hospitali, mtoto akawekewa hewa. Yuko salama, anacheza.

HAPO NDIPO PA KUJIFUNZA

Watu wakihama wanaandika orodha mbili. Orodha ya kwanza inaitwa usalama: wezi, vibaka, kelele za usiku. Orodha ya pili inaitwa huduma: hospitali, umeme, maji, mtandao, duka la dawa, shule. Halafu wanapima kama mtu wa mizani sokoni, wanasema, "Huduma zimepungua sawa, lakini usalama umeongezeka, basi nimefaidi."

Mizani hiyo ni ya uongo. Usiku ule hospitali ilikuwa ndiyo usalama. Chaji ya simu ilikuwa usalama. Pampu iliyoko Dar kwenye foleni ya vifurushi ilikuwa hatari kubwa kuliko mwizi yeyote wa mlimani. Dada alijikinga na wezi wa Dar katika mji ambao adui yake wa kwanza ni umbali. Ukuta na mbwa, vitu vilivyompa usingizi, ndivyo vilivyomchelewesha.

Na umbali wa huko hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Wilaya ina hospitali yake, hilo jema. Lakini ugonjwa ukiwa mzito zaidi, unapelekwa Bombo pale Tanga mjini, au KCMC Moshi, na kote huko lazima kwanza ushuke zile kona hadi Mombo. Masika yakikolea udongo na mawe huporomoka barabarani, na imeshatokea mara kadhaa njia ikafungwa. Sasa kama una mzazi mwenye presha, una mtoto wa pumu, au mwenyewe una ujauzito, hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kodi na kabla ya mandhari.

Kwa wajawazito kuna kitu kinaitwa m-mama, unapiga 115 bure, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo anatafutwa dereva wa eneo hilohilo aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Ni kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga. Mpango mzuri sana. Lakini angalia wazo lenyewe: serikali nayo imekubali kwamba huko msaada wa haraka ni jirani mwenye gari. Bibi aliligundua hilo kwa khanga na salamu.

YULE MCHEKESHAJI NAYE

Wapo watakaosema shida ni milima. Si milima. Mnamkumbuka yule mchekeshaji aliyehamia shamba huko mkoa wa Pwani na kujiita mkulima? Miezi michache tu akarudi mjini kimyakimya. Huyu hakuumwa mtu. Yeye alipost kila kitu: geti, njia ya kuingia, jenereta, mpaka kijana wa shamba anakolala. Siku yupo jukwaani mkoa mwingine, yuko live, anacheka na mashabiki, watu wakaenda na gari wakapakia jenereta na pampu ya maji taratibu kama wanahamisha vyao. Majirani waliona. Walidhani kawatuma, maana hawakuwahi kuongea naye hata siku moja.

Hapo sasa utaelewa kwa nini kamji ka dada hakatajwi. Dar ukipost nyumba yako, bado ni nyumba moja katikati ya mamia. Kijijini ukipost mti wa mbele ya geti, mtu anauliza stendi mara moja tu anaelekezwa mpaka mlangoni.

LAKINI DAR NAYO...

Wanaosema abaki tu Dar, hospitali ziko kila kona, nao wapunguze kujiamini. Mtoto akibanwa saa 12 jioni na upo Mbagala, hospitali iko karibu lakini foleni haijui pumu. Na nani mjini anajua jina la jirani wa ghorofa ya juu? Wapo watu wameishi geti moja miaka mitano wanajuana kwa rangi ya gari. Kwa hiyo Dar nayo unaweza kufa huku hospitali unaiona kwa macho. Tofauti ni kwamba mjini ukikosa watu, angalau pesa inaweza kukununulia msaada usiku. Kwenye mji mdogo saa 8 usiku pesa imelala, aliye macho ni anayekujua.

Na kujulikana kuna gharama yake, tusidanganyane. Mji mdogo utajua umenunua nini, nani kaja kwako na kaondoka saa ngapi. Msichana anayeishi peke yake ataongelewa, apende asipende. Mtu asiyeweza kuvumilia hilo akae mjini kwa amani zake, hakuna aliyemlazimisha. Ila asitake yote mawili, ajifiche nyuma ya ukuta halafu siku ya shida watu wampasulie geti.

KABLA HUJAFUNGA MIZIGO

Kama na wewe una hiyo ndoto, nenda kakae wiki mbili kwanza, tena msimu mbaya, si Desemba. Kisha jibu haya:

1. Saa 8 usiku, mvua inanyesha, nani mwenye gari au pikipiki atakuja? Si bodaboda wa mchana. Analala wapi, na simu yake usiku inapatikana?

2. Dawa ambayo mtu wako hawezi kuikosa, duka la pale wanayo? Kama hawana, weka ya akiba ya miezi, sio ya wiki.

3. Mtandao unashika chumba cha kulala? Jaribu laini zote. Umeme ukikatika siku mbili, simu utachaji wapi?

4. Mwenyekiti anakujua? Vijana wa ulinzi shirikishi wanaijua sura yako, au wakikukuta usiku wataanza na filimbi? Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zishike kichwani, halafu uliza wao wenyewe wanatokea wapi na kwa muda gani.

5. Kazi yako inalipwa kutoka wapi? Kama kila wiki lazima ushuke mjini, basi anayehamia kule ni mama yako na mwanao. Waulize wao.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kosa kubwa la dada. Aliuliza mashabiki. Mama yake aliambiwa tarehe ya safari tu.

KWA HIYO AMEFULIA?

Hapana. Na wala hajawazidi watu akili. Alikosea, akapona kwa bahati na kwa salamu za mama yake. Waliotegemea atarudi Dar wamenuna, kwa sababu harudi. Siku hizi kabatini kuna pampu tatu, ukutani kuna taa ya sola, mbwa usiku wanafungwa, na ufunguo mmoja wa geti anakaa nao mama wa chapati. Insta yake picha za nyumba zimefutwa zote. Na wiki iliyopita alionekana msibani kakaa chini na akina mama, anachambua mchele, hakuna simu mkononi.

Mtoto ameanza kulala chumba chake.

Sasa wadau, semeni ukweli. Ungekuwa wewe, ufunguo wa geti lako ungempa jirani uliyemjua kwa miezi mitatu? Na hapo ulipo leo, ukibanwa saa 8 usiku unampigia nani? Shusha komenti yako hapo chini, matusi hapana.