Alamu Inalia, Nani Anaamka?

Ndugu zetu, radi za mchana zikianza kupiga hapa Johannesburg, magari ya mtaa mzima yanalia. Yeoville, Hillbrow, Mayfair, kote. Umeshamwona mtu akifungua pazia kuchungulia? Sisi hatujamwona. Ndiyo maana tunasema wazi: kama una gari la zamani na hela ni ya kuungaunga, usianze na king'ora.

Mwenzetu mmoja, fundi wa marumaru, alikuwa na Nissan 1400, ile bakkie ndogo tunayoijua wote. Alamu alifungiwa uchochoroni, nyaya zimesokotwa na kuzungushiwa utepe basi. Ikawa inalia hovyo usiku, majirani wananuna, na baridi ya Julai betri inakufa. Mwisho akachomoa waya wa honi ili watu walale. Gari likaondoka na mashine yake ya kukatia marumaru. Miezi mitano hakutuma kitu nyumbani, mtoto akarudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada.

Kulia ni jambo moja, kuzuia gari lisiwake ni lingine. Kinachozuia ni imobilaiza: inakata umeme wa stata, wa plagi au wa pampu ya mafuta. Magari mengi ya miaka ya karibuni yanatoka nayo kiwandani. Ndani ya ufunguo kuna chipu, kompyuta ya injini isipoisoma, injini haiwaki. (Ukinunua gari la namna hiyo dai funguo zote mbili, maana ukipoteza ule wa pekee, atakayelia ni wewe.) Gari la kabureta kama ile 1400 halina kompyuta hiyo, lazima ufungiwe.

Ufungiwe na nani, hapo ndipo tunapokosea. Kampuni za bima hapa huuliza cheti cha VESA, chama cha usalama wa magari cha Afrika Kusini. Fundi wa uchochoroni hana cha kukupa. Unalipa bima kila mwezi, siku gari likiibiwa unaulizwa karatasi, huna. Na bima ile ya kulipia gari la mwenzako tu, wizi haiuhusu kabisa.

Halafu kuna wa kwenye maegesho ya mall. Anabonyeza rimoti ya geti wakati wewe unabonyeza yako. Yako haisikiki, milango inabaki wazi, alamu haijajiwasha hata kidogo. Vuta kitasa kila ukishuka. Ni bure.

Sisi tungeanza na loki ya gia ya chuma na swichi ya siri ya pampu au plagi, kisha imobilaiza yenye cheti. King'ora kikibaki na hela.

Tutaambiwa nyumbani wanasubiri. Wanasubiri kweli. Lakini mwambie mama mwezi huu mmoja utatuma pungufu, na umweleze kwa nini. Mwenzetu sasa anadandia taksi ya abiria saa kumi alfajiri, ndoo ya vifaa mapajani, Yeoville mpaka Fourways.