Giaboksi ya 2CV si Kichekesho

Mwandishi aliyeiita giaboksi ya Citroën 2CV "kichekesho cha Wafaransa" ameihukumu kwa macho tu. Hoja yake kubwa ni kwamba mkono wa gia umechomoza kwenye dashibodi. Ndiyo, na kuna sababu: giaboksi iko mbele, mkono unaifuata moja kwa moja, na sakafu inabaki wazi kwa miguu na mizigo.

Anakejeli pia gia ya kwanza kuwekwa mstari mmoja na rivasi. Hajui kuegesha? Unavuta, gari linaenda, unasukuma, linarudi. Ya pili na ya tatu nazo ziko mstari mmoja, na ndizo zinazotumika zaidi mjini. Tena, gari lilipoonyeshwa Paris mwaka 1948 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 375, lilikuwa na gia nne. Traction Avant, kaka yake mkubwa, ilikuwa na tatu.

Pierre Boulanger, mkuu wa Citroën wakati huo, alitaka gari la mkulima, la kuvuka shamba lililolimwa bila mayai kuvunjika. Tulipime kwa kazi hiyo. Wateja walilipima, wakalinunua, likaendelea kuundwa hadi 1990.