Tunauziwa paipu, maji hakuna aliyeyapima

Juu ya dari ya nyumba moja mtaa wa Bondeni, hapa Mombasa, kuna paipu nane nyeupe za plastiki zilizopangwa kama ngazi. Kila paipu ina matundu ishirini. Mwezi wa Januari matundu yote 160 yalikuwa na miche ya letasi. Leo wenye mradi wanaanika nguo juu yake.

Ni chama cha kina mama kumi na wawili. Walichanga mwaka mzima, wakaongeza mkopo, wakamlipa muuzaji mmoja shilingi 96,000. Simtaji jina, kwani shida ninayoizungumza si yake peke yake. Walipewa paipu, pampu, tangi la lita 200, pakiti za mbolea, miche, taa mbili zinazotoa mwanga wa zambarau na mafunzo ya asubuhi moja. Waliambiwa baada ya siku arubaini watakuwa wanapeleka letasi hotelini.

Mimi si bwana shamba. Nilifundisha kemia shule za sekondari hadi nikastaafu, na mtaani bado naitwa Mwalimu. Mambo yalipoharibika mwenyekiti wao alinipigia simu. "Mwalimu, hebu pita utuangalie. Majani yanaungua pembeni na tumefuata kila tulichoambiwa." Nikapanda juu na kijipimo changu mfukoni.

Kijipimo chenyewe kinafanana na kalamu nene. Ukikitumbukiza majini kinakuonyesha chumvi iliyoyeyuka ni kiasi gani, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji matamu. Wataalamu huita kipimo hicho EC. Letasi inataka maji ambayo tayari yametiwa mbolea yasome baina ya 1.2 na 1.8 hivi. Maji ya nyumba ile, kabla hata kijiko cha mbolea hakijaingia, yalisoma 3.1. Yanatoka kwenye kisima cha ploti, kama maji ya nyumba nyingi za kisiwani. Kina mama wamezoea kuyaogea na kuyafulia. Ya kunywa wananunua kwa mitungi, na hapo tu muuzaji angeshtuka lau angeuliza.

Hakuuliza. Hata kifaa cha kupimia hakikuwa ndani ya vitu alivyouza.

Kilimo hiki kisichotumia udongo, haidroponiki, kina tabia moja ambayo sisi watu wa pwani tunapaswa kuijua kuliko wengine. Shambani mvua ikinyesha huteremsha chumvi chini ya mizizi. Kwenye paipu maji yanazunguka tu, yanatoka tangini, yanapita kwenye mizizi, yanarudi tangini. Mmea unakunywa maji na kuacha sehemu kubwa ya chumvi. Kesho unaongeza maji mengine ya kisima, na chumvi yake. Baada ya wiki tatu una bahari ndogo juu ya dari, na juu ya hiyo unatia mbolea, ambayo kwa kemia nayo ni chumvi. Kina mama walipoona majani yanakunjamana walimpigia muuzaji, naye akawaambia waongeze mbolea.

Nimelifuatilia jambo hili kwa sababu halijaishia Bondeni. Simu yangu haipitishi siku mbili bila tangazo la "shamba la nyumbani". Vijana waliopata ruzuku ya NYOTA ya shilingi 50,000 wanatafuta biashara ya kuanza, na wauzaji wamenusa. Nimeona tangazo moja la seti ya shilingi 49,500. Hesabu hiyo haikutokana na gharama ya paipu. Yaliyo nyuma ya kina mama wa Bondeni ni mikopo ya vyama, na nyuma ya vijana hawa ni ruzuku ambayo ikishapotea hairudi.

Haya yametupata kabla. Mwaka 2013 Kenya nzima ilikuwa inafuga kware, watu wakitafuta leseni za shirika la wanyamapori kwa sababu kware ni ndege wa porini. Waliotajirika ni waliouza vifaranga na vizimba. Kufikia 2014 mayai hayakuwa na mnunuzi. Tofauti ni kwamba kware yalikuwa mahaba ya kupita, lakini haidroponiki ni elimu ya kweli. Mashamba ya maua ya Naivasha yanakuza mawaridi ndani ya makumbi ya nazi na mawe mepesi ya volkano, na yanauza Ulaya. Kwa hiyo simwambii mtu asilime namna hii. Ninalosema ni kwamba tunachouziwa ndicho sehemu rahisi kuliko zote, na kile kinachoamua mavuno tunaachiwa wenyewe tukigundue kwa hasara.

Chukua hizo paipu. Nilikwenda na binti wa mmoja wa kina mama hadi maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwembe Tayari, tukauliza kitu kimoja kimoja: paipu za inchi nne, vizibo, viungo, pampu ndogo, tangi, mbao za kusimamishia. Jumla haikufika nusu ya walicholipa. Muuzaji ana haki ya faida na usafiri na ujuzi wake, sikatai. Lakini ujuzi uliolipiwa hapa ulikuwa wa kuunganisha paipu, kazi ambayo fundi wa mfereji yeyote wa mtaani anaiweza kwa siku moja.

Zile taa za zambarau nusura zinichekeshe. Zilibuniwa kwa watu wanaolima ghorofa za chini na kwenye maghala, katika nchi ambazo wakati wa baridi jua linatua saa kumi alasiri. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Taa ya wati 100 ikiwaka saa kumi na nne kwa siku inakula yuniti 42 kwa mwezi. Mbili, mara mbili yake. Kina mama walikuwa wakiziwasha usiku kwa uaminifu kabisa, wakaona bili. Mwezi wa Februari Mombasa mmea hauhitaji taa, unahitaji kivuli.

Joto ndilo tatizo la pili baada ya chumvi. Letasi ni mboga ya mahali pa baridi. Maji yakipita nyuzi 25 hivi yanashika hewa kidogo, mizizi inakosa pumzi, ukungu wa kuozesha unaingia. Mmea ukipata joto sana unapanda juu kutafuta kutoa maua na majani yanakuwa machungu. Sasa weka paipu zenye maji kidogo juu ya dari ya zege adhuhuri ya Machi. Halafu umeme ukatike. Siku waliyokata tamaa kina mama hawa ni Ijumaa moja ambapo umeme ulipotea kabla ya sala ukarudi baada ya alasiri. Pampu ilisimama, paipu zikakauka, letasi zote zikalala. Nchi iliyokaa gizani karibu nzima tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ukazimika, si nchi ya kumuuzia mama mradi unaokufa pampu ikisimama saa chache, bila kumuuzia betri au kumwonyesha njia nyingine.

Njia nyingine ipo na haina pampu. Bernard Kratky, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ndiye aliyeieneza: unajaza ndoo maji ya mbolea, unaweka mche kwenye kifuniko, mizizi inagusa maji, na kadiri maji yanavyopungua nafasi ya hewa inaongezeka. Basi. Vifaa vyake ni ndoo yenye kifuniko cha kubana na kikombe chenye matundu. Kifuniko kibane kweli, maana hapa tunaijua homa ya dengue na mbu wake anapenda maji yaliyotulia. Sijaona tangazo la njia hii, nadhani kwa sababu haina cha kuuza.

Kina mama walinionyesha video iliyowapa hamu. Ilitoka kwa jamaa aliyeko Dubai: kumbi refu, majani ya kijani orofa juu ya orofa, wafanyakazi wamevaa kofia nyeupe. Ni Bustanica, shamba la ndani lililofunguliwa 2022 karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum, linalotajwa kutoa zaidi ya kilo milioni moja za mboga kwa mwaka. Ni jambo la kupendeza, mashallah. Lakini lile shamba lilizaliwa likiwa na mnunuzi, kwa sababu ni mradi wa kampuni inayopika chakula cha ndege za Emirates. Liko mahali ambapo maji ya bahari yanasafishwa chumvi kwa gharama kubwa na umeme haukatiki. Na hata huko kwa wenye pesa si salama kila mara. AeroFarms ya Marekani, iliyokuwa ikisifiwa kote, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2023.

Mfano ulio karibu na hali yetu uko Algeria, kwenye kambi za wakimbizi wa Kisahrawi kule Tindouf. Shirika la Chakula Duniani lilianza kwa kontena la kisasa la kukuzia malisho ya mbuzi. Baadaye likageukia vibanda vilivyojengwa kwa vifaa vya hapo hapo, gharama ikashuka sana, na wenyeji wakaweza kuvitengeneza vinapoharibika.

Sisi kifaa cha hapa hapa tunacho, tunakikanyaga. Wale wa Bondeni waliuziwa matofali ya makumbi yaliyokaushwa, ya kuoteshea miche, yakiwa na karatasi ya kiwandani Sri Lanka. Kwale na Kilifi zimejaa minazi. Makumbi tunayachoma jikoni au tunayatupa, na wazee wetu walijua kuyafukia ufuoni na kuyasokota usumba wa kamba. Ya kupandia yanahitaji kusagwa na kuoshwa kwa maji matamu mara kadhaa, kwa sababu makumbi nayo yana chumvi yake, hasa yaliyoloweka baharini. Unaosha, unapima, unaosha tena hadi kijipimo kishuke. Hiyo ni biashara ambayo kijana wa Msambweni angeweza kuianza kwa ruzuku yake badala ya kununua paipu.

Mbolea ndiyo gharama isiyokwisha, na ndiyo muuzaji anayoizungumza kidogo. Huja pakiti mbili, A na B. Haziunganishwi zikiwa kali, kwa sababu kalsiamu ya moja hushikana na salfeti na fosfeti za nyingine, zikatuama chini kama chokaa na mmea usizipate. Nilikuta chokaa hiyo chini ya tangi la Bondeni, sentimita nzima. Nyingine ya kuangalia: kuna watu wameambiwa wanunue CAN kwa sababu "ni ileile kalsiamu". Si ileile. CAN ni amonia naitreti iliyochanganywa na mawe ya chokaa, ni ya kutupia shambani. Ya majini ni kalsiamu naitreti inayoyeyuka yote. Wala mbolea ya ruzuku ya serikali ya shilingi 2,500 kwa gunia haikusudiwi kazi hii. Na baada ya kashfa ya mbolea bandia ya 2024 iliyofika hadi Bungeni, ningemwomba kila mnunuzi adai gunia lililoshonwa kiwandani, si mfuko wa nailoni uliofungwa dukani usio na jina.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaotoa pesa hizi, wa kaunti na wa serikali kuu, ni dogo. Mkopo wa duka unataka kuona leseni. Mkopo wa bodaboda unataka kuona kitambulisho cha pikipiki. Kwa nini mradi wa kilimo cha maji upite bila karatasi moja ya kupima maji? KALRO wana kituo Mtwapa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Kijipimo kimoja kwa kila afisa wa kilimo wa wadi hakiwezi kushinda bei ya chai ya semina moja. Kisiwani, Likoni, Kisauni, maji ya mfereji yanayotoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi huja kwa zamu, na katikati ya zamu watu wanarudi visimani, ambako bahari inapenya kila mwaka. Mtu anayetuuzia kilimo cha maji bila kuanzia hapo hajatujua.

Na soko pia liulizwe mapema. Hoteli za Nyali na Diani hupungukiwa wageni baada ya Pasaka. Mikahawa ya Kiitaliano ya Malindi na Watamu inataka rihani na letasi, lakini nayo ina msimu. Kongowea tayari inapata mboga za Taita kwa bei ambayo paipu haziwezi kushindana nayo.

Kina mama wa Bondeni walitaka kuuza kila kitu. Nikawaomba wasubiri masika. Tumefunga mfereji wa bati pembeni ya paa, maji yanaingia kwenye tangi jipya, kama majabia ya Lamu yalivyokuwa yakifanya. Maji ya mvua ya tatu, bati likiwa limeshaoshwa, yalisoma 0.1. Tumeanza na ndoo tisa chini ya neti ya kivuli, mchicha na mrihani, hakuna pampu. Mchicha unapenda joto letu, na wiki ya tano walikata fungu la kwanza, wakauziana wenyewe ngazini.

Paipu ziko palepale. Mkopo umebaki miezi saba.