Kasi ya mashine za kuchoma CD na gharama isiyoonekana dukani

NI bidhaa chache za kompyuta zilizowahi kushuka bei kwa kishindo kama mashine ya kuchoma CD. Mwaka 1995 kampuni ya Hewlett-Packard ilipotoa modeli yake ya 4020i kwa dola 995 za Marekani, hiyo ilihesabiwa kuwa mashine ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000, ilhali kasi yake ya kurekodi ilikuwa 2x tu. Kufikia mwaka 2003 mashine za 52x zilikuwa zikipatikana kwa chini ya dola 100.

Katika kipindi hicho chote watengenezaji walishindana kwa tarakimu moja, nayo ni ile inayotangulia herufi x. Wanunuzi wakazoea kuamini kwamba tarakimu ikiwa kubwa na bei ikiwa nafuu, basi uchaguzi umekwisha. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa hata sasa, kwa kuwa wapo wanaonunua mashine hizi ili kuhifadhi nyaraka za ofisi, nyimbo za kwaya na kumbukumbu za familia.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kasi ya 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde, hivyo CD ya dakika 80 yenye megabaiti 700 huchukua dakika 80 kujaa. Kwa 4x huchukua dakika 20, kwa 8x dakika 10, na kwa 16x dakika tano. Aliyetoka 4x kwenda 8x aliokoa dakika 10 kwa kila CD, na aliyetoka 8x kwenda 16x akaokoa tano. Faida inapungua kadiri tarakimu inavyokua, na kufikia tofauti ya 40x na 52x, kinachookolewa ni nusu dakika hivi.

Sababu mojawapo ni kwamba 52x haikuwa kasi ya CD nzima. Mashine za awali zilipunguza mzunguko kadiri mwali wa leza ulivyosogea kutoka katikati kwenda ukingoni, ili kasi ya kurekodi ibaki ile ile. Mashine za kasi kubwa ziliacha CD izunguke kwa mwendo mmoja, kwa hiyo zilianzia kwenye 20x na ushei katikati na kuifikia 52x ukingoni tu. Anayechoma CD iliyojaa nusu hakuiona kabisa kasi aliyoilipia. Wala isingewezekana kuendelea kuongeza, kwani kwa 52x CD huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na plastiki yenye ufa mdogo inaweza kupasuka ndani ya mashine.

Ujanja wa biashara nao ulikuwapo. Mashine iliandikwa tarakimu tatu, kwa mfano 12/10/32: ya kwanza ni ya kurekodi, ya pili ni ya kurekodi upya CD inayofutika, ya tatu ni ya kusoma. Muuzaji aliyetaka kusifia bidhaa alitaja ile ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa. Wengine walinunua mashine ya nje ya 48x wakaiunganisha na kompyuta yenye USB ya zamani, toleo la 1.1, ambayo haikuweza kupitisha data kwa zaidi ya 4x au 6x. Fedha ilikwenda, kasi haikuja.

Maendeleo yaliyostahili kulipiwa hayakuwa ya tarakimu. Kabla ya mwaka 2000, kompyuta ikichelewa kidogo kupeleka data, kumbukumbu ndogo ya akiba ndani ya mashine huisha, leza hukosa cha kuandika, na CD huharibika papo hapo. Mwaka huo teknolojia ya BURN-Proof ya kampuni ya Sanyo iliiwezesha mashine kusimama na kuendelea pale ilipoishia. Kwa mwenye kompyuta dhaifu, mashine ya 12x yenye kinga hiyo ilikuwa na thamani kuliko ya kasi zaidi isiyokuwa nayo.

Kinga hiyo, hata hivyo, haikusaidia umeme unapokatika. Kwa Watanzania walioishi na mgawo wa umeme wa mwaka 2006 jambo hili halihitaji maelezo marefu. CD inayochomwa kwa dakika 20 iko hatarini muda mrefu kuliko ile ya dakika tano, na hapo kasi ilikuwa na maana halisi.

Ilikuwa na maana pia kwa mzalishaji wa nakala nyingi. Dakika mbili na nusu zinazookolewa kati ya 16x na 52x, zikizidishwa kwa CD 100, ni zaidi ya saa nne. Lakini hata yeye alikuwa na njia nyingine: mashine saba za 16x zikichoma kwa pamoja hutoa CD saba kila baada ya dakika tano au sita, yaani chini ya dakika moja kwa kila CD.

Leo kompyuta nyingi za mkononi zinauzwa bila mashine hii kabisa, na anayeihitaji hununua ya nje, nyembamba, inayochoma CD kwa kasi isiyozidi 24x. Baadhi ya wanunuzi hulalamika kwamba teknolojia imerudi nyuma. Kwa maoni ya mwandishi, malalamiko hayo hayana msingi, kwa kuwa 16x hadi 24x ndiyo kasi inayofaa kwa CD nyingi tupu za sasa. Kushuka mno nako si salama kama wengi wanavyodhani, maana rangi ya CD hizo imetengenezwa kwa ajili ya kasi kubwa, na kuzichoma kwa 2x kunaweza kuongeza makosa badala ya kuyapunguza.

Penye upungufu wa kweli ni kwenye CD zenyewe. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani, ambayo CD zake tupu zilisifika kwa ubora, ilijitoa katika biashara hiyo mwaka 2015. Ofisi inayobana matumizi kwa kununua CD za bei ya chini kabisa, kisha ikaweka humo nakala pekee ya nyaraka zake, inajitafutia hasara ambayo hakuna mashine ya kuizuia. Kilichobaki mikononi mwa mtumiaji ni kuiamuru programu ihakiki kila CD baada ya kuichoma, na kutengeneza nakala ya pili kwenye CD ya kiwanda tofauti. Uhakiki huo huongeza dakika chache kwa kila CD, na muda huo hauandikwi kwenye kasha la mashine yoyote.