Malezi Nyumbani: Mtoto wa Mbwa Aliyeachwa Peke Yake

Juma hili sitasema habari za masomo wala za karo. Nataka kusema habari za mtoto wa mbwa. Najua wako watakaocheka na kusema: "Mwalimu amekosa maneno." Lakini someni mpaka mwisho, kwa maana habari hii ilianza kwa mbwa, ikamfikia mwanangu, na mwishoni ikanifikia mimi mwenyewe.

Mwaka uliopita mzee mmoja jirani yetu hapa Kindu, aliyekuwa mwindaji katika ujana wake, alitupa zawadi ya mbwa mdogo wa miezi mitatu. Alikuwa mwekundu, kifua cheupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Watu wengi wa kwetu huwapa mbwa majina yenye maneno ndani yake, na mama wa watoto akamwita Vumilia. Hakujua kwamba jina hilo lilikuwa likitungoja sisi wenyewe.

Asubuhi nyumba yetu hubaki tupu. Mimi huenda shuleni, watoto huenda shuleni, na mama huenda sokoni na mchele wake. Vumilia tulimfungia ndani ya nyumba. Siku ya kwanza tulikuta ametafuna viatu. Siku ya tatu alirarua chandarua cha mbu. Juma la pili alifikia meza yangu, akararua madaftari 11 ya insha niliyokuwa nimeyasahihisha usiku. Nilichukua fimbo nikampiga, nikimwonyesha karatasi ili ajue sababu.

Kesho yake nilipofungua mlango nilimwona amejikunyata pembeni, masikio yamelala, macho chini. Nikawaambia watoto: "Tazameni, anajua kosa lake!" Nikatafuta kosa, nikaliona, nikampiga tena. Mambo yakaendelea hivyo kwa siku nyingi. Fimbo ilizidi, na uharibifu haukupungua hata kidogo.

Siku moja mama alikuwa akimsaidia kifungua mimba wetu, mwenye miaka tisa, kunawa mikono kabla ya kula. Aliona alama za meno katika mkono wa kuume. Mtoto akanyamaza. Mama alipomwuliza kwa upole akalia, akasema kwamba siku mbili zilizopita Vumilia alikuwa amejificha chini ya kitanda baada ya kupigwa, naye akapeleka mkono ili ambembeleze. Mbwa akamwuma. "Mbona hukusema?" Akajibu: "Niliogopa Baba atamwua."

Wazazi wenzangu, maneno hayo niliyasikia nikiwa nimesimama mlangoni. Vumilia alikuwa hajachanjwa. Ninyi mnajua ugonjwa wa kichaa cha mbwa: dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, chanjo humwokoa. Jambo hilo limejulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, siku ambayo Louis Pasteur, kule Paris, alianza kumchoma sindano kijana Joseph Meister aliyekuwa na miaka tisa, umri ule ule wa mwanangu. Kijana yule aliumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Basi mwanangu alipoteza siku mbili za thamani, wala si kwa ujinga wake, bali kwa kuniogopa mimi.

Tulikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, ingawa tulikuwa tumechelewa, tukampeleka kwa mganga. Sindano zilianza siku ile ile. Jioni nilirudi nimeshika panga, maana nilifikiri wajibu wangu ni kumwua mbwa. Lakini mwuguzi alikuwa amenionya: "Mwalimu, usimwue. Mfungie mahali peke yake, watoto wasimkaribie, mkamtazame siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, tutajua kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa siku aliyouma. Ukimwona anabadilika, uje upesi." Nikaliweka panga chini, nikamtia Vumilia katika jiko letu la nje.

Siku zile 10 zilikuwa ndefu. Tulisali rozari kila jioni. Mimi peke yangu nilimpelekea chakula, nikikisukuma ndani kwa ubao. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo macho yangu hayakuwa yameliona. Ndani ya jiko lile kulikuwa na sanduku la mbao lililobaki tangu tulipohama, limelala kwa ubavu. Vumilia aliingia ndani yake kwa hiari yake, akazunguka mara mbili, akalala. Hakutafuna kikapu, hakurarua gunia. Kila nilipokuja nilimkuta mle, ametulia.

Siku ya kumi na moja, mbwa akiwa mzima, nilimwendea yule mzee mwindaji, nikamweleza yote. Alisikiliza, kisha akasema: "Mwalimu, mbwa huyu ni wa msitu. Babu zake walivaa kengele ya mti shingoni, wakakimbia mbele ya nyavu tangu asubuhi. Wewe umempa nyumba kubwa isiyo na mtu na isiyo na kazi. Meno yake yalijitafutia kazi. Na kule jikoni alikaa kimya kwa sababu amepata mahali panapomtosha."

Mzee alisema kweli. Mbwa wa namna hii, ambao hawabweki kama mbwa wengine, wanajulikana mbali sana. Mwaka 1937 mbwa waliotoka Kongo walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa huko Uingereza, nao wakaitwa Basenji, jina lenye undugu na neno letu "washenzi". Leo hao walioitwa mbwa wa washenzi wanalelewa katika nyumba nzuri za Ulaya na Marekani. Na huko pia wenyeji husema maneno yale yale niliyoyasema mimi: mbwa huyu ana akili nyingi, na akiachwa peke yake hurarua kila kitu!

Juu ya ile sura ya mbwa mwenye hatia, nayo nilidanganyika. Mwaka 2009 mtaalamu wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz wa New York, alieleza majaribio aliyofanya kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi, wakati mwingine aliambiwa kwamba mbwa amekula, kumbe hakula. Ikaonekana kwamba mbwa hujikunyata anapokaripiwa na bwana wake, awe ametenda kosa au hakutenda. Basi Vumilia hakuwa akikumbuka madaftari. Alikuwa akiitazama fimbo. Alijifunza jambo moja tu: Mwalimu akifungua mlango, maumivu yanaingia.

Ikiwa katika nyumba yenu mna mtoto wa mbwa wa namna hiyo, fanyeni kama tulivyofanya sisi.

Kwanza, mtengenezeeni sanduku. Liwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha, wala lisipite hapo sana, maana likiwa kubwa mno atalala upande mmoja na kuchafua upande wa pili. Seremala aache mianya mipana ya hewa pande zote. Liwekwe kivulini, mahali penye upepo, na maji yasikosekane. Katika joto letu la Kindu, mbwa aliyefungiwa juani au chini ya bati lisilo na dari aweza kufa.

Pili, msimsukume ndani. Kwa siku kadha mlango ubaki wazi, naye apewe chakula chake mle ndani. Akizoea kuingia mwenyewe, fungeni mlango anapokula, mkaufungue amalizapo. Kesho ongezeni dakika chache, kesho kutwa nyingine. Tokeni nje kidogo, mrudi. Sisi tulitumia majuma matatu kabla ya kumwacha asubuhi nzima.

Tatu, kabla ya kumfungia, mtu atembee naye mpaka achoke na kujisaidia. Mwanangu, alipoisha kumaliza sindano zake na Vumilia kupata chanjo yake, humpeleka alfajiri kando ya mto Lualaba, amefungwa kamba. Mbwa aliyechoka hulala.

Nne, mpeni kitu chake cha kutafuna. Tangu miezi minne hivi meno ya utoto hung'oka na meno makubwa huota, ufizi humwasha, lazima atafune. Sisi humpa kipande cha kamba nene kilichofungwa mafundo. Lakini mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe kamwe, kwa maana huvunjika kama sindano na kumchoma tumboni.

Tano, angalieni saa. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa tatu au nne. Sisi tunaondoka saa moja asubuhi, tunarudi saa saba. Kwa hiyo tulipatana na mtoto wa jirani asomaye alasiri, awe anamtoa saa nne na kumrudisha. Kumfungia mnyama kutwa nzima na kumsahau si mafunzo, ni ukatili.

Sita, sanduku lisiwe adhabu hata siku moja. Mkimkasirikia, msimtupe humo. Akilia kidogo kwa kutaka kuchezewa, ngojeni anyamaze ndipo mfungue, asije akajifunza kwamba makelele hufungua milango. Lakini mkiona anatokwa na mate mengi, anajiumiza meno na kucha kwa kutaka kutoka, hiyo si ukaidi, ni hofu kubwa. Mtoeni, mkaanze tena polepole, au mwachieni jirani wakati hampo.

Na juu ya yote hayo, mpelekeni akachanjwe akifika miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Tena wafundisheni watoto: akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata awe mbwa wa nyumbani, aseme saa ile ile, kidonda kioshwe dakika 15 kwa maji na sabuni, kisha aende kwa mganga bila kungoja.

Nilipokuwa seminari tulifundishwa habari za Mtakatifu Yohane Bosco, yule padri wa Torino ambaye wanawe wa kiroho, Wasalesiani, walifika Katanga mwaka 1911. Mwaka 1877 aliandika juu ya njia mbili za kulea vijana. Njia ya kwanza hungoja kosa litendeke, kisha huadhibu. Njia ya pili hutangulia mbele ya kosa: mlezi hukaa karibu na kijana, humwondolea nafasi ya kuanguka, humwongoza kwa akili, kwa dini na kwa upendo. Nilijibu swali hilo katika mtihani, nikapata alama nzuri. Lakini nyumbani kwangu nilikuwa nikitumia njia ile ya kwanza, na nikaijua hasara yake kwa meno ya mbwa.

Mtu asinielewe vibaya. Mtoto wa binadamu si mbwa. Yeye ana roho isiyokufa na dhamiri inayopambanua mema na mabaya, na tena hafungiwi katika sanduku. Lakini viumbe wa Mungu hutufunulia sisi wenyewe tulivyo. Katika Kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao. Mbwa hafuatani na mtu anayemtetemesha. Wala mtoto hamfuati baba wa namna hiyo kwa moyo wake. Humtii tu akiwa karibu, na akipatwa na neno humficha. Leo ni alama ya meno mkononi. Kesho yaweza kuwa kosa kubwa zaidi, au shida ya kijana au binti ambayo baba ataijua wakati wa kuponya umekwisha kupita.

Jioni ile Vumilia alipotimiza siku zake 10, nilimwita mwanangu, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Haikuwa kazi nyepesi. Kwetu baba hamwombi mtoto msamaha. Lakini fimbo niliivunja, nikaitia motoni chini ya sufuria.

Sasa Vumilia ni mbwa mkubwa, na mlango wa sanduku lake haufungwi tena. Huingia na kutoka apendavyo, madaftari yangu hayaguswi. Na juma lililopita nilipofika nyumbani kutoka shuleni, mwanangu alinipokea njiani kabla sijauliza neno, akasema: "Baba, nimevunja kioo cha taa." Nilimshukuru Mungu kwa kioo kile kuliko kwa taa nzima.

Hayo yatosha kwa leo. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akitujalia.