Kifua kikigongwa uwanjani, mechi inaamuliwa kabla ya hospitali

OKTOBA 15, 2017, kwenye Uwanja wa Surajaya mjini Lamongan, Indonesia, kipa Choirul Huda alitoka golini kuwahi mpira, kitu alichokuwa amekifanya kwa miaka 18 akiwa na klabu moja tu, Persela. Akagongana na mchezaji mwenzake, Ramon Rodrigues. Alionekana akiugulia maumivu, kisha akapoteza fahamu. Siku hiyohiyo akafariki dunia hospitalini akiwa na miaka 38. Madaktari walieleza kuwa kishindo kilimpata kifuani na kwenye taya la chini.

Mashabiki wa Tanzania hawana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana wa timu ya U-20 ya Mbao FC alianguka baada ya kugongana na mpinzani katika mechi dhidi ya Mwadui. Hakuamka tena.

Sasa Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON ya 2027. Viwanja, nyasi na taa vinazungumzwa kila siku. Swali la mchezaji atakayegongwa kifuani dakika ya 70 halipigiwi kelele, wakati ndilo la uhai na kifo.

MAPAFU YANAPOPUMZISHWA BENCHI

Kifua kikipata kishindo kikubwa, mbavu zinaweza kuvunjika na mapafu yakavilia damu ndani kwa ndani. Mapafu yakijaa damu na majimaji, oksijeni haipiti. Madaktari huanza na mashine ya kupumulia inayosukuma hewa ndani. Shida ni kwamba pafu lililoumia likisukumiwa hewa kwa nguvu linaweza kuumia zaidi. Ni sawa na kumlazimisha beki mwenye nyama za paja zilizochanika amalize dakika 90.

Hapo ndipo inapoingia mashine iitwayo ECMO. Mrija mnene unaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kwenye kinena, pampu inavuta damu nje ya mwili, damu inapita kwenye pafu bandia linaloitia oksijeni na kuiondolea hewa ukaa, kisha inarudishwa mwilini. Kama moyo nao umechoka, damu inarudishwa kwenye mshipa wa ateri ili pampu iusaidie. Kwa maneno ya uwanjani, mapafu yanatolewa nje, sub inaingia.

Lakini sub huyu haponyi jeraha. Kazi yake ni kununua muda ili mwili ujitengeneze.

Na siyo stori ya kufikirika. Mwaka 1971 huko Santa Barbara, Marekani, kijana wa miaka 24 aliyevunjikavunjika kwenye ajali ya barabarani, mapafu yakiwa yamegoma kabisa, aliwekwa kwenye mashine ya aina hiyo kwa saa 75. Akapona. Ndiye mtu mzima wa kwanza kuokolewa kwa njia hiyo.

Ushahidi mwingine ulitoka Leicester, mji ambao mashabiki wanaujua kwa maajabu ya ubingwa wa 2016. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watu wazima 180 ambao mapafu yao yalikuwa yamefeli kwa sababu mbalimbali. Kati ya waliopelekwa kwenye kituo cha ECMO mjini humo, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi sita. Kwa waliobaki na matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 47.

MTEGO WA DAMU

Kuna kona moja ngumu. Damu ikipita kwenye mipira na mashine huelekea kuganda, hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kuifanya iwe nyepesi. Majeruhi wa kifua naye anavuja damu. Ukimpa dawa anaweza kuvuja hadi kufa, usipompa mashine inaweza kuziba. Siku hizi mipira hupakwa kinga maalumu, na madaktari wanaweza kuchelewesha dawa hiyo kwa muda. Bado inahitaji timu inayokesha na mgonjwa saa 24, siku baada ya siku.

Utaalamu wa jamaa hii haupo mbali sana. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua, unaotumia mashine iliyo ndugu wa ECMO, unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Tatizo ni kwamba kutoka Bukoba hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

MNYORORO UNAANZIA KWENYE CHAKI

Januari 2, 2023, mchezaji wa NFL, Damar Hamlin wa Buffalo Bills, aligongwa kifuani mjini Cincinnati, akasimama, akaanguka. Moyo ulikuwa umesimama. Kilichomwokoa pale nyasini ni mikono iliyokandamiza kifua chake na mashine ya kushtua moyo. Akalazwa kwenye mashine ya kupumulia, na msimu uliofuata alirudi kucheza.

Funzo ni kwamba mashine kubwa ya hospitali inamsaidia anayefika akiwa hai. Majeraha mengi ya kifua hata hayahitaji ECMO wala upasuaji mkubwa. Yanahitaji oksijeni, dawa ya maumivu, na mrija wa kutoa hewa au damu iliyobana pafu. Hewa hiyo ikiachwa inabana mpaka moyo unashindwa kazi, na anayeweza kuitoa kwa sindano dakika hizo za mwanzo ni daktari aliye jirani, siyo bingwa aliye mji mwingine.

Sheria hubadilika pale watu wanapong'ang'ana. Petr Cech alipovunjika fuvu pale Reading Oktoba 2006, José Mourinho alilalamikia kuchelewa kwa gari la wagonjwa, na baadaye Ligi Kuu England ikataka kila mechi iwe na gari la wachezaji.

Kwa hapa nyumbani mambo ya kuanzia hayahitaji mabilioni: ambulensi yenye oksijeni na dereva ndani yake, geti lisilozibwa na magari ya wakubwa, wabeba machela waliofundishwa kutomkokota majeruhi kama gunia, na hospitali inayojua mapema kwamba leo kuna mechi. Na hayo yaanzie ligi za vijana. Yule wa Kaitaba hakuwa anacheza AFCON.